Kabati la bibi na rangi za mwaka huu: mwongozo wa kupanga nyumba kuzunguka kitu cha urithi

Kila baada ya wiki mbili tatu kuna mtu ananiuliza swali lilelile, maneno tu ndo yanabadilika. "Nimeachiwa kabati la bibi, zito, la brauni inayoenda kwenye wekundu, na mimi sebule yangu nataka iwe ya kisasa, nifanyeje?" Mwingine ana zulia, mwingine saa ya ukutani, mwingine kiti cha babu ambacho hakuna anayethubutu kukikalia na hakuna anayethubutu kukitoa. Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa hiyo naandika yote hapa, na wewe ukiulizwa mrushie tu mwenzio.

Jibu fupi: usianze na ukuta. Wengi wanaona rangi nzuri kwenye simu, wanapaka nyumba nzima, alafu ndo wanaingiza kabati ndani na kuanza kushangaa mbona halikai vizuri. Anza na kile kitu chenyewe, chukua rangi zilizomo ndani yake, vingine vyote vikifuate. Mtindo wa rangi ukiufukuza hutaushika. Kampuni ya Pantone, ile inayopanga viwango vya rangi, imekuwa ikitangaza rangi ya mwaka tangu 2000: mwaka 2021 zilikuwa mbili, kijivu na njano, 2023 ikawa nyekundu ya magenta, 2024 pichi laini, 2025 brauni. Yaani kabati la bibi lilipitwa na wakati, likapitwa tena, alafu 2025 likajikuta liko kwenye fasheni bila kusogezwa hata inchi moja.

Na mimi mwenyewe nilishaingia mkenge. Kipindi kila mtu anapaka kijivu nami nikapaka kijivu, nikasukuma kabati la mninga mahali pake, nikakuta limegeuka rangi ya chungwa. Chungwa kabisa! Nikajua vanishi imekufa, nikamwita fundi seremala aje alikwangue lote. Yule mzee hakutoa hata msasa. Alichukua kadibodi ya boksi, ile ya kaki, akaisimamisha nyuma ya kabati akaniambia angalia tena. Kabati likarudi kuwa kabati. Kumbe kijivu changu kilikuwa na bluu ndani yake, na bluu ikikaa jirani na brauni nyekundu inausukuma ule uchungwa utoke nje.

Theori ni hiyo tu, na ni ya zamani. Karne ya 19 mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul alikuwa anasimamia idara ya kutia rangi nyuzi kwenye kiwanda cha Gobelins kule Paris, kile cha kufuma mazulia ya ukutani, watu wakawa wanalalamika kwamba nyuzi zake nyeusi zimefifia. Akachunguza, akakuta nyuzi hazina shida yoyote, shida ni rangi zilizofumwa pembeni yake. Akachapisha kazi yake mwaka 1839. Kwa hiyo ukiona kitu chako cha urithi kimekuwa kibaya ghafla, kabla ya kukilaumu angalia jirani yake.

VITU VYA KUANDAA

Usianze bila hivi, maana katikati ya kazi utaanza kubahatisha na kubahatisha ndo kunakula hela:

- karatasi nyeupe safi, A4 ya kawaida inatosha
- simu yenye kamera
- futi ya kupimia, ile ya fundi
- kadibodi nne au tano kubwa, zisiwe ndogo kuliko A3
- makopo madogo ya rangi za kujaribia na brashi ndogo
- vitambaa laini vya pamba, viwili vitatu
- balbu mbili tofauti, moja imeandikwa 2700K na nyingine 4000K
- siku tatu au nne za subira, hii haiuzwi dukani

HATUA KWA HATUA

1. Jiulize kama unakitaka kweli

Hapa sikai sana. Kama kile kitu kinakukera kila ukikipita, mwulize ndugu mwingine kama anakitaka, kipige picha nzuri, kiende kwa atakayekifurahia. Kupanga nyumba nzima kuzunguka kitu unachokichukia ni mateso na rangi haitakusaidia. Kama unakitaka, au unakitaka nusu nusu, endelea.

2. Kisafishe kwanza kabla hujasema ni cha rangi gani

Watu wanachagua rangi ya ukuta kwa kuangalia vumbi la miaka 30. Nimeona meza ambayo mwenyewe anaapa ni nyeusi, tulipoisafisha ikatoka brauni ya asali. Kwenye mbao anza na kitambaa kikavu, kisha kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa mpaka hakidondoshi hata tone, kisha kikavu tena papo hapo. Jaribu kwanza sehemu isiyoonekana, chini ya rafu au nyuma ya mguu.

Usiguse spiriti wala kitu chochote chenye alkoholi. Fanicha nyingi za zamani zilimaliziwa kwa shelaki, aina ya vanishi ya zamani, na shelaki inayeyuka kwenye alkoholi, utapangusa mara moja na mng'ao wote utabaki kwenye kitambaa. Zile dawa za kupuliza zenye silikoni nazo achana nazo, zinang'arisha siku hiyo ila siku fundi akitaka kupaka vanishi mpya haitashika vizuri. Nta ya nyuki kidogo, mara moja au mbili kwa mwaka, inatosha kabisa.

Onyo lingine, hili zito. Kama kitu kina rangi ya zamani ya kupakwa, usiisugue kwa msasa mkavu. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, Marekani kwa mfano walipiga marufuku kwenye rangi za nyumbani mwaka 1978 tu, na lile vumbi lake ni sumu, kwa watoto hasa. Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, basi, ukihitaji zaidi tafuta mtu anayejua kuipima.

3. Soma rangi iliyo chini kwa chini

Hii ndo hatua watu wanairuka na ndo yenye kila kitu, kwa hiyo nitaongea sana hapa nivumilie.

Chukua ile karatasi nyeupe, iweke juu ya kitu chako mchana, taa zote zimezimwa. Jicho likishaona nyeupe halisi, ile "brauni" inaacha kuwa brauni tu, unaanza kuona kama inavuta kwenye wekundu, njano au weusi. Mahogani na mninga kwa kawaida zinavuta wekundu. Mwaloni unavuta njano. Mtiki uko kwenye dhahabu na asali. Mpingo ni mweusi karibu kabisa, ingawa ukiutazama kwenye jua unaona zambarau au brauni nzito kwa mbali. Usijichoshe kutafuta jina la mti, wengine hata mafundi wanabishana, wewe unatafuta inavuta wapi.

Ukimaliza mbao usisahau vitu vidogo. Vishikio vya shaba ya njano ni rangi. Kioo chenye fremu iliyopauka ni rangi. Kitambaa cha kiti ni rangi mbili tatu. Kama urithi wako ni zulia, ligeuze uone upande wa chini, huko jua halikufika na rangi bado ziko kama zilivyofumwa, alafu chagua unayoiona kidogo sana kwenye zulia, sio ile iliyotawala. Ile ya mstari mwembamba wa pembeni, ile ya jicho la ua. Rangi kuu ya zulia ukiipaka ukutani zulia linazama, ile ndogo ukiipeleka kwenye pazia zulia linaamka.

Andika rangi tatu kwenye karatasi: inayotawala, inayofuata, na ile ndogo. Kwa maneno yako ya kawaida tu. Mimi kwa kabati langu niliandika "brauni ya udongo mwekundu, shaba, weusi wa mistari ya mbao". Karatasi hiyo utatembea nayo kila unapoenda kununua kitu.

4. Chagua mahali kabla ya rangi

Kitu cha urithi kikae mahali jicho linapotua mtu akifungua mlango, au mahali unapokaa muda mrefu. Ukikibana kwenye kona nyuma ya kochi kitaonekana stoo, hata ukuta upake rangi ya namna gani.

Ila jua la moja kwa moja hapana. Mwanga wa jua unabadilisha mbao na vitambaa, na haubadilishi vyote kwa njia moja: mahogani ikikaa juani muda mrefu inapauka, mti wa cheri ndo kwanza unaiva unakuwa mzito zaidi, na zulia linafifia upande mmoja tu, ule wa dirishani, usishtuke siku ukiligeuza. Kama hakuna mahali pengine weka pazia jepesi, na zulia uwe unalizungusha kila baada ya miezi sita.

Acha nafasi ya vidole vitatu hivi, kama sentimita 5, kati ya kabati na ukuta ili hewa ipite. Usilibandike kwenye ukuta unaotoa unyevu, usiliweke chini ya upepo wa AC wala karibu na moto. Mbao inavimba na kusinyaa kufuatana na unyevu wa hewani, kinachoipasua hasa ni kubadilikabadilika haraka. Njia ya kupita mbele yake isipungue sentimita 75, 90 ni bora, na kumbuka kupima milango ikiwa wazi, sio imefungwa. Hili la milango nimeshaona watu watatu wamelisahau.

Picha ya urithi au saa, katikati yake iwe kama sentimita 145 mpaka 150 kutoka sakafuni. Wengi tunatundika juu mno, mgeni anaangalia kama anatafuta buibui.

5. Gawanya rangi

Mafundi wa kupamba ndani ya nyumba wana kanuni ya 60-30-10: asilimia 60 ya chumba rangi moja tulivu (kuta, mara nyingi na kapeti kubwa), 30 rangi ya pili (makochi, mapazia), 10 rangi ya kuchokoza. Sio sheria ya kupima na rula, ni ya kukuzuia usiweke rangi saba.

Kwa mwenye kitu cha urithi mimi naigeuza hivi. 60 itoke kwenye ukoo wa rangi ya tatu uliyoandika, au iwe rangi tulivu inayopatana nayo. 30 itoke kwenye rangi kuu au inayofuata, ila nyepesi zaidi au nzito zaidi, isifanane kabisa. Na ile 10 ndo uwanja wa fasheni, hapo cheza unavyotaka. Mito ya makochi, taa ya mezani, shuka la kutupia kwenye kochi, vasi. Kipimo changu ni kimoja, rangi ya mwaka inaruhusiwa kukaa kwenye kitu chochote ninachoweza kukibadilisha jioni moja bila kumwita fundi.

Kwa wanaotaka niwatajie rangi kabisa, haya:

Mbao inayovuta wekundu: krimu, kijani kilichofifia kama jani kavu, bluu nzito ya wino, rangi ya mchanga. Kijani ni mshenga mzuri kwa sababu kiko upande wa pili wa wekundu kwenye duara la rangi, kinaufanya uonekane umeiva, ila kiwe kimepoa, ukipaka kijani kibichi kikali vitaanza kupigana. Kwepa kijivu chenye bluu na ile nyeupe kali ya hospitali.

Mbao inayovuta njano au asali: bluu ya vumbi, kijani cha zeituni, nyeupe yenye joto kidogo. Kwepa krimu ya njano njano, itafanya kila kitu kionekane kimechuja.

Mbao nyeusi: hii inakubali karibu chochote, inachotaka ni mwanga na mtu asiiwekee ukuta wa giza katika chumba chenye dirisha moja dogo. Udongo mwekundu hafifu nyuma ya mbao nyeusi ni kitu kizuri mno, jaribu.

6. Jaribu kwenye kadibodi, sio ukutani

Ukipaka vipande vidogo ukutani, rangi ya zamani ya pembeni inakudanganya (Chevreul tena huyo). Paka kadibodi nzima, mikono miwili (yaani rudia mara mbili), iache ikauke kabisa mpaka kesho yake. Rangi za maji nyingi zikikauka zinakuwa nzito kidogo kuliko zilivyo mbichi, kwa hiyo usihukumu ikiwa bado inanukia.

Alafu isimamishe wima nyuma ya kitu chako. Wima, maana kadibodi ikilala sakafuni inapokea mwanga tofauti na ukuta. Iangalie asubuhi, iangalie mchana, iangalie usiku taa zikiwa zimewaka. Rangi itakayokupendeza mara mbili kati ya tatu ndo hiyo, ile inayokupendeza mara moja tu iache hata kama hiyo mara moja ilikuwa tamu sana.

7. Maliza habari ya balbu kabla ya kununua ndoo

Nilikuwa naidharau hii, sasa hivi naiweka juu kuliko rangi yenyewe. Namba ya K kwenye boksi la balbu inakuambia mwanga ni wa joto au baridi. 2700K mpaka 3000K ni mwanga wa manjano laini, unatoa uhai kwenye mbao. 4000K uko katikati. 6500K ni ule mweupe wa bluu, chini yake mahogani inaonekana kama imepakwa matope. Angalia pia kama wameandika CRI, kipimo cha jinsi balbu inavyoonyesha rangi, ikiwa 90 kwenda juu rangi zitaonekana karibu na zilivyo mchana. Na usichanganye balbu za namba tofauti kwenye chumba kimoja, utakuwa na kabati la rangi mbili.

8. Paka

Kwa ufupi maana wengi mna fundi wenu. Kitoe kitu chumbani, kama hakitoki kifunike kwa shuka la zamani kwanza, nailoni ije juu ya shuka, sio nailoni kwenye mbao moja kwa moja maana unyevu utajibana ndani. Lita moja ya rangi ya maji kwa kawaida inafika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja. Ukuta wa mita 4 kwa 2.7 ni mita za mraba 10.8, kwa mikono miwili ni 21.6, kwa hiyo kama lita 2. Nyuma ya mbao inayong'aa mimi napenda rangi isiyong'aa, ving'aavyo viwili vikikaa pamoja vinasumbua macho, na ukuta wenye mawimbi unajificha vizuri zaidi. Kama una watoto wa kuchora kuta, chukua ile ya kung'aa kidogo, unaifuta na maisha yanaendelea.

Subiri ukuta ukauke sawasawa ndo urudishe kitu, siku mbili tatu hivi. Usikiegemeze.

9. Rudia, lakini usifananishe

Rangi ya kitu cha urithi ionekane tena sehemu mbili nyingine chumbani, kidogo kidogo. Fremu moja ya picha, mto mmoja, hata kikapu. Mara mbili inatosha, ndo kinachofanya mtu akiingia aone kama ulipanga.

Kosa kubwa kuliko yote hapa ni kutafuta seti. Mtu ana kabati la mninga, anazunguka mji mzima kutafuta meza, viti na stendi ya TV vya brauni ileile, anapata vya karibu lakini sio yenyewe, na hiyo karibu-lakini-sio ndo mbaya zaidi. Bora meza nyepesi kabisa au nyeusi kabisa. Ukichanganya mbao, zipishane kwa uzito wa rangi huku zote zikivuta upande mmoja.

10. Piga picha bila rangi

Simama mlangoni, piga picha, ibadilishe iwe nyeusi na nyeupe. Kama kabati na ukuta vimekuwa kijivu kimoja, havina utofauti wa mwanga, na hapo hata rangi iwe nzuri vipi kabati litapotea. Ongeza taa juu yake, au weka kitu cheupe kwenye rafu, au kubali kwamba ukuta unahitaji kupanda au kushuka ngazi moja. Kama kabati linajitokeza lenyewe, umemaliza, weka simu chini.

"NIKIPAKE RANGI TU SI RAHISI?"

Nalijibu peke yake kwa sababu linaulizwa kuliko yote. Ni rahisi kwa wikendi moja. Kuirudisha mbao ilivyokuwa ni wiki nzima, na kwenye michongo na viungio rangi haitoki yote daima. Kama ni kitu chenye thamani ya kuuzwa, ule mng'ao wa zamani wa juu ni sehemu ya bei yake, ukiukwangua umeikwangua na bei. Mwonyeshe kwanza mtu anayejua vitu vya kale.

Lakini sio msahafu. Kama mbao ilishaharibika, au kitu kilikuwa kimepakwa rangi tangu zamani na mwenyewe aliyekuachia, paka kwa amani. Kama kinachokusumbua ni mwonekano tu, jaribu vitu vinavyorudishika: badilisha vishikio (vya zamani vitie kwenye bahasha, bandika ndani ya droo), weka karatasi ya rangi ndani ya rafu bila gundi, badilisha kitambaa cha kiti huku cha zamani ukikiacha chini ya kipya. Hapo ndo pa kuweka hata ile rangi ya mwaka kama imekukaa rohoni.

MATATIZO NA TIBA ZAKE

Mbao imegeuka chungwa. Ukuta una bluu, au balbu inaufanya uonekane na bluu. Anza na balbu, ni rahisi. Ikigoma weka kitu kikubwa cha krimu au kijani tulivu kati ya mbao na ukuta, picha pana au kitambaa cha kutundika, kabla hujaamua kupaka upya.

Chumba kimekuwa kizito, kinabana. Mara nyingi sio kabati, ni kwamba pazia, kapeti na kochi navyo ni vya giza. Toa kimoja. Nianzie wapi? Pazia.

Kitu kinaonekana kama kimekuja kwa bahati mbaya. Hakijarudiwa, rudi hatua ya 9. Au kiko peke yake na hakifanyi kazi. Kipe kazi: vitabu ndani, taa juu, funguo zikae hapo. Kitu kinachotumika kinazoeleka haraka kuliko kilichowekwa kama maonyesho.

Vitu viwili vya urithi vinagombana, labda zulia la upande wa mama na kabati la upande wa baba. Usiviweke vinatazamana. Kimoja kiende chumba kingine, au uchague rangi moja inayopatikana kwenye vyote viwili, hata iwe ndogo, na hiyo ndo iwe ya ukuta. Kwenye mgogoro wa ndugu siingii.

Mwenzako hakitaki. Mpe yeye uamuzi wa ile asilimia 10 na wa ukuta mmoja. Nimeona ikifanya kazi, nimeona ikishindwa.

Droo inakwama. Sugua mshumaa mkavu kwenye reli zake za mbao, usimwagie mafuta ya kupikia, yataoza yanuke.

Harufu ya zamani. Toa droo zote, zikae kivulini penye hewa siku kadhaa, kisha weka kibakuli cha magadi soda au mkaa ndani na ufunge. Badilisha kila wiki mpaka iishe.

Alama nyeupe ya duara, ya glasi. Huo ni unyevu ulioingia kwenye vanishi. Iache ikauke siku kadhaa, wakati mwingine inaondoka yenyewe, ikibaki sugua nta kidogo kwa kufuata mistari ya mbao. Ikiwa ni nyeusi, maji yameshafika kwenye mbao, hiyo ni kazi ya fundi.

Vumbi laini kama unga chini ya kabati na vitundu vidogo vya mviringo. Kuna mdudu ndani na bado yuko kazini. Litenge na mbao nyingine leo hii, mwite mtu wa dawa. Vitundu bila unga mpya vinaweza kuwa vya zamani tu, futa, weka karatasi nyeusi chini, angalia baada ya wiki mbili kama unga umedondoka tena.

Zulia la sufu linatoka manyoya sehemu sehemu. Nondo, au kusema kweli watoto wa nondo, ndo wanaokula. Vuta vumbi pande zote mbili, hasa sehemu iliyo chini ya kochi maana wanapenda giza na utulivu. Kipande kidogo unaweza kukifunga vizuri kwenye nailoni na kukiweka kwenye friza wiki mbili.

Nimeshapaka kila kitu na sipendi. Kaa nacho wiki mbili bila kugusa kitu, macho yanazoea rangi mpya polepole. Zikiisha bado hupendi, badilisha vitu kwa mpangilio huu: balbu, mito, pazia, ukuta. Mimi ile sebule ya kijivu iliishia kwenye pazia. Nilitoa pazia la bluu nikaweka la kitani la rangi ya mchanga, balbu zikawa za 2700K, na ule ukuta wa kijivu uko pale mpaka leo, nyuma ya kabati, sijaupaka tena.